Suruali Iliyopunguzwa Mara Nne

Mtaani walimwita Mkasi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama jina lilitokana na kazi yake au na ulimi wake. Alikuwa fundi wa nguo za kiume, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye duka la chumba kimoja, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na pasi nzito iliyoacha alama za moto kila ilipowekwa. Suruali zake zilisifika. Adabu yake, hapana. Mteja aliyevuta tumbo ndani wakati wa kupimwa aliambiwa apumue tu, kwa kuwa suruali itavaliwa na yeye na tumbo lake, haitavaliwa na ndoto zake. Mwingine aliulizwa makalio yake ameyasahau wapi, ayafuate kabla kitambaa hakijakatwa. Watu walicheka, hata wale waliochomwa, maana asiyecheka aliongezewa. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba maneno makali hayavunji mfupa, na methali hiyo aliitumia kama watu wengine wanavyotumia leseni.

Kati ya majina yote aliyowabandika watu, alilojivunia zaidi ni la mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, yeye na huyo wa kiume, na mama yao aliwalea peke yake kwa kufua nguo za watu. Mdogo alikuwa mtoto wa mashavu na mapaja, mpole, mwenye kupenda kukaa karibu na sufuria. Siku moja alitaka kupita katikati ya viti viwili akakwama, na Mkasi, aliyekuwa na miaka kumi na moja, akamwita Pipa. Jina likanata. Lilimfuata shuleni, likamfuata kazini, na siku ya harusi yake mshereheshaji alilitamka kwenye kipaza sauti mbele ya wakwe. Bwana harusi alitabasamu kwa meno tu. Mkasi alipiga makofi kuliko wote.

Pipa akawa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, akilisha watu mia tatu kila mchana. Alipofikisha miaka thelathini na tisa, wafanyakazi walipimwa afya. Daktari aliyeletwa siku hiyo, mtu mwenye foleni ndefu na subira fupi, alimwambia shinikizo la damu limepanda, kisha akamtazama kiunoni na kusema, "Punguza kuonja, mpishi." Foleni nzima ikacheka. Hiyo ndiyo tiba yote aliyopewa, na wala hakuandikiwa arudi lini.

Basi akapungua. Alipoleta suruali yake kwa mara ya kwanza ipunguzwe kiuno, Mkasi alimzungusha mbele ya kioo cha duka, akamwambia sasa amefanana na mtoto wa mama yake. Tangu wazaliwe hakuwahi kumsifia kwa lolote, hata kwa wali, na wali wake ulikuwa hauna mpinzani. Pipa alisimama pale kwenye kioo kwa muda mrefu, ameshika mkanda mkononi. Sifa ile ilimwingia kama pombe inavyomwingia mtu ambaye hajala kitu tangu asubuhi.

Suruali ilirudi baada ya miezi miwili. Ikarudi tena baada ya mwezi. Sasa fundi yeyote anajua kwamba suruali ina mwisho wa kupunguzwa: unafumua mshono wa nyuma, unakata, unashona, na kila ukipunguza, mifuko ya nyuma inasogeleana. Mara ya nne mifuko ilikutana, ikakaa bega kwa bega kama majirani wawili wanaosengenya. Mkasi aliinyanyua ile suruali juu, akacheka hadi machozi, akamwambia akiileta tena atamkatia kaptula ya mwanasesere. Hakuona kwamba aliyesimama mbele yake alikuwa amevaa sweta mbili mchana wa jua kali. Au tuseme kweli: aliona, maana jicho la fundi halikosi nguo. Alichofanya ni kumtania kwamba amezeeka.

Mtaa nao ulikuwa na maoni, kama ilivyo desturi ya mitaa. Miezi ya kwanza walimsimamisha njiani kumuuliza siri, na mke wa mwenye bucha alichukua kalamu akaandika. Mashavu yalipobonyea, wale wale walioomba siri wakaanza kunong'ona kwamba ana ule ugonjwa, wakakaa kuhesabu wanawake ambao huenda aliwahi kutembea nao, kazi waliyoifanya kwa bidii kuliko kazi zao za mshahara. Mjomba wao, mzee anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza, alitangaza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, huku akimkazia macho mke wa Pipa. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe anaumwa wapi.

Aliyejua anaumwa wapi ni mkewe, na siku moja asubuhi alikuja dukani kwa Mkasi, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaanza kueleza akiwa ameangalia vitambaa. Alisema mumewe siku hizi anapakua sahani za wote nyumbani, anazijaza pomoni, kisha yeye anakaa na bilauri ya maji. Nyumbani anasema amekula kazini, na kazini anasema atakula nyumbani. Akilazimika kuonja mchuzi, anautema. Anaamka alfajiri kukimbia, na mvua ikinyesha anakimbia palepale sebuleni mpaka watoto wanaamka. Ana hasira za karibu, yeye ambaye hakuwahi kumfokea hata paka. Nywele zinabaki kwenye mto.

"Wifi, si kwamba hataki kula," alisema. "Anaogopa. Nimemwona akiitazama sahani kama mtu anayetazama shimo."

Mkasi alimsikiliza huku akishona, jambo ambalo ni namna ya kutosikiliza. Kisha akauliza ni lini mwanamume mzima, mwenye ndevu na watoto watatu, alianza kuogopa kijiko. Alimwambia wifi yake kwamba kosa ni lake kwa kubembeleza, na kwamba yeye atalimaliza jambo hilo Jumapili moja tu.

Jumapili hiyo ilifika, na ukoo ulikusanyika sebuleni kwa mpishi. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema, wakaenda kuliharibu wakiwa tisa. Mjomba alikaa kwenye kiti kikubwa. Mkasi alikuja na sufuria lake, akapakua sahani moja ya mlima, akaiweka mbele ya mdogo wake peke yake, na wengine wote wakakaa kumtazama kama watu wanaosubiri mpira uanze. Mjomba alihubiri juu ya watu wanaolala njaa duniani. Shangazi mmoja wa upande wa baba alisema mwanamume asiyekula ataheshimiwa na nani. Mkasi akamalizia: "Kula, Pipa. Leo hatuondoki."

Pipa alikula. Alikula akitabasamu, tabasamu lile la siku ya harusi, akamaliza, akaongezewa, akamaliza tena. Walimpigia makofi. Mjomba alisema mmeona, ni ukaidi tu, dawa ya ukaidi ni wakubwa. Mwenye sherehe yake akaomba radhi, akaenda maliwatoni, na mkewe, aliyekuwa akikosha vyombo upande wa pili wa ukuta, alisikia bomba likifunguliwa kwa nguvu zote, na ndani ya kelele za maji akasikia mumewe akitapika, jambo alilokuwa akifichwa. Sebuleni walikuwa wameshahamia kwenye habari za siasa.

Siku ya nne baada ya ushindi huo mkubwa wa ukoo, mpishi alianguka kantini mbele ya foleni, upawa mkononi. Wapakiaji wawili wa sabuni walimbeba mpaka kwenye gari, na baadaye walisema kwa aibu kwamba mmoja angetosha.

Hospitali walimkuta na mapigo ya moyo ya polepole mno na chumvi za mwili zilizovurugika. Daktari wa wodi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mwenye kuongea polepole kana kwamba kila neno lina bei, na Mkasi hakumpenda toka alipomwona. Alimsikiliza akieleza kwamba huu ni ugonjwa, kwamba una jina, unaitwa tatizo la ulaji, kwamba uko akilini na mwilini kwa pamoja na kwamba unaua watu. Mkasi akaguna. Alimjibu kwamba hayo ni maradhi ya walioshiba. Wao walipokuwa wadogo walilala na uji mwepesi na hakuna aliyepata nafasi ya kukiogopa chakula. Tena, aliongeza, hayo huwapata wasichana wanaojipiga picha.

"Mama, nimewatibu wenye njaa na wenye friji tatu," alisema daktari. "Ugonjwa huu hauchungulii jikoni kwa mtu. Na wanaume wanaumwa vilevile, ila wanachelewa kuletwa, kwa sababu nyumbani wanachekwa kwanza."

Kisha akamweleza, bila haraka, jinsi unavyomshika mtu. Anapunguza kidogo, pengine kwa sababu nzuri kabisa. Anasifiwa. Anapunguza tena. Siku akitaka kuacha anakuta hawezi, kwa maana ubongo wenyewe sasa una njaa, na ubongo wenye njaa hufikiri vibaya, na kadiri unavyofikiri vibaya ndivyo unavyozidi kukikataa chakula ambacho kingeuponya. Kumlazimisha mbele ya watu, alisema, ni kumuongezea aibu, na aibu ndicho chakula pekee ambacho ugonjwa huo hauchoki kula.

Mkasi alitaka kujibu. Alikuwa na jibu zuri, lenye ncha. Lakini daktari alikuwa ameshamgeukia mgonjwa, akamuuliza ni nini hutokea akiwekewa sahani.

Mpishi alivuta shuka mpaka kifuani. Alikuwa na mrija wa dripu mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa shule. Kisha akasema, akiwa anatazama shuka, "Nasikia sauti. Inaniita Pipa." Daktari akamuuliza ni sauti ya nani. "Ya dada," alisema.

Mkasi alitoka nje. Alikaa kwenye benchi la korido kati ya mwanamke mwenye mtoto anayekohoa na mzee aliyelala, akajitetea kimoyomoyo mbele ya mahakama isiyokuwepo. Kila mtu alimwita hivyo. Lilikuwa jina la mapenzi. Mbona hakuwahi kusema? Kila hoja aliyoitoa ilisikika kama visingizio vya wateja wake wanaochelewa kuchukua nguo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa kuvicheka visingizio. Akajiona, kwa mara ya kwanza, kama alivyokuwa akiwaona wengine. Hakuona kitu cha kupendeza.

Daktari alipomfuata, Mkasi alimuuliza kwa ukali, maana hakuwa na sauti nyingine, kama yeye ndiye amemuua ndugu yake. Daktari alisema kwanza hajafa. Pili, jina moja halitoshi kuleta ugonjwa. Huwa kuna maumbile ya mtu, na mambo aliyopitia, na pengine daktari mwenye mzaha, na mtaa unaosifia kukonda. Alisema yeye hatafuti mshtakiwa, anatafuta mtu wa kukaa mezani. Mke peke yake ameshachoka.

Kazi ya kukaa mezani, kama alivyoelezwa, ilionekana nyepesi hata kwa mtoto. Mgonjwa atakula mara kadhaa kwa siku kwa saa zilizopangwa, sahani aliyopangiwa na hospitali. Wewe kula naye. Usihesabu matonge. Usimsifu akimaliza, usimlaumu akishindwa. Usiseme neno lolote juu ya mwili, wake wala wa mtu mwingine, hata neno zuri. Zungumza mambo mengine. Akimaliza, kaa naye nusu saa, usimwache peke yake, mpaka ile hofu ipungue. Ndiyo hayo tu, alisema daktari, na Mkasi akajibu kwamba kwa hayo tu angeweza hata na watu kumi.

Ndugu yake aliporuhusiwa kwenda nyumbani, kiwanda kilimpa likizo ya ugonjwa, na Mkasi akachukua zamu ya mchana, akifunga duka saa sita. Siku ya kwanza alikaa, akachukua kijiko, akafungua mdomo azungumze mambo mengine, na hapo ndipo alipogundua kwamba hana mambo mengine. Kila hadithi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwili wa mtu: fulani na kitambi chake, fulani na shingo yake, yule mwenye miguu ya korongo. Miaka thelathini ya umbea, na ukiondoa nyama za watu haubaki na kitu, ni kama suruali iliyobaki zipu tu. Walikula kimya. Mdogo wake alitumia saa nzima kwa maharage ya nusu sahani, machozi yakimdondokea, na yeye alikaa akiuma ulimi ule ambao mtaa mzima ulikuwa ukiuogopa.

Siku ya tatu, kwa sababu kimya kilikuwa kinamuua, alimwomba msamaha. Aliomba vibaya. Alianza kwa kusema yeye alikuwa mtoto, kisha akasema kwamba hata hivyo hakuwa mtoto siku ya harusi, kisha akasema jina lile halitatoka tena mdomoni mwake na mwenye kusubiri machozi asubiri sana. Ndugu yake aliweka kijiko chini. Alimwambia, kwa sauti ya kawaida, mambo saba au nane aliyowahi kumfanyia, kila moja na mwaka wake, mengine Mkasi alikuwa ameyasahau kabisa. Hakusema amemsamehe. Alichukua kijiko akaendelea kula, na Mkasi akaona kwamba kwa mtu wa ulimi wake, hilo ndilo lililokuwa saizi yake.

Taratibu alijifunza. Alianza kumletea habari za mteja wake mmoja, mwanasiasa mdogo wa eneo lao, aliyetaka koti lenye mifuko tisa na alipoulizwa ya nini akasema bado anafikiria. Alimhadithia jinsi mjomba alivyobishana na mashine ya benki mpaka ikameza kadi. Dharau alikuwa nayo ya kutosha, ilikuwa akiba ya maisha. Alichobadilisha ni mahali pa kuielekeza. Siku aliyohadithia ya mjomba na mashine, mpishi alicheka na tonge mdomoni, akalimeza bila kukumbuka kuogopa. Mkasi aliona. Aliendelea na hadithi yake bila kulitaja tonge.

Watu wa nje walimpa kazi zaidi kuliko mgonjwa. Mjomba alileta chupa ya dawa chungu ya kuleta hamu ya kula. Mkasi alimwambia ainywe yeye, labda itamletea hamu ya kunyamaza. Mke wa mwenye bucha alipita kumwona mgonjwa, akampiga bega na kusema kwa furaha kwamba sasa amenenepa, amependeza. Neno hilo la hisani liligharimu milo ya siku mbili. Mpishi alifunga mdomo wake kama mlango, na wifi akalazimika kumpigia daktari. Mkasi alimfuata yule mama hadi dukani kwake, akasimama mbele ya wateja, akamweleza kwamba mtu si ng'ombe wa kununuliwa, na kwamba kama hana la kusema isipokuwa kilo, basi azungumze na mizani yake. Jina la Pipa nalo aliling'oa mtaani kichwa kwa kichwa. Aliyelitamka mbele yake alibandikwa jina lake mwenyewe papo hapo, na majina ya Mkasi yalikuwa yananata.

Kulikuwa na siku mbaya. Alikuta mkate umefichwa nyuma ya redio, vipande vya siku kadhaa, vigumu kama kokoto. Mkasi wa zamani angeubeba mkate ule barazani, auoneshe kwa majirani. Huyu alikaa nao mapajani mpaka hasira ikapungua, kisha akamwambia wifi, na wifi akamwambia daktari, na kwenye kikao cha wiki ile hospitalini wote wanne, daktari na mgonjwa wakiwemo, wakauzungumza kama watu wanaozungumza bomba linalovuja. Daktari alisema kuteleza si kuanguka, na kwamba ugonjwa uliochukua miaka kuingia hautoki kwa kufukuzwa na fagio. Mgonjwa alilazwa tena, siku kumi na mbili. Mjomba alisema alijua tu. Mjomba hujua mambo yote yakishatokea.

Baada ya miezi tisa alirudi kiwandani, kwanza stoo, kuhesabu magunia mbali na harufu ya vitunguu, kisha jikoni nusu siku, kisha siku nzima. Hajapona kama mafua yanavyopona. Bado kuna asubuhi anapiga simu na kusema leo chai imenishinda, na hiyo ni nafuu, kwa kuwa zamani angesema nimeshakunywa. Yule anayesema ukweli juu ya sahani yake, daktari alisema, ameshashika njia.

Kuna mchana mmoja alimaliza kulisha watu mia tatu, akavua aproni, akachukua trei, akajipanga nyuma ya foleni aliyoihudumia miaka kumi na tano. Alikaa kati ya dereva wa winchi na mama mmoja wa idara ya kupakia, akala, akalalamika kwamba maharage hayana chumvi. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna jambo.

Mkasi alilisikia baada ya siku nane, kwa mama huyo wa kupakia, aliyeleta sare ya mumewe na kulitaja kama anavyotaja hali ya hewa. Alimwacha mteja amesimama, akampigia simu wifi yake, akamuuliza kwa nini yeye, aliyefunga duka kila mchana kwa miezi tisa, hakuambiwa. Wifi alisema mumewe ndiye aliyeomba asiambiwe, kwa kuwa angelifanya kuwa sherehe.

Mkasi alisema hiyo ni dharau.

Wifi akasema ndiyo, wifi, ni dharau, akamtakia kazi njema na kukata simu.